Miaka Ishirini na MGB ya Mwaka 1970 Mjini Tanga

Gari langu ni MGB ya 1970, la wazi, la viti viwili, ambalo nilinunua mwaka 2004 kutoka kwa familia moja iliyokuwa ikihama nyumba yake Raskazone. Magari ya aina hii yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na kwa kuwa yalitoka kwa mamia ya maelfu, spea zake zinapatikana mpaka leo. Hilo ndilo jambo jema la kwanza. Jambo baya ni kwamba siku ya kununua nilisikiliza injini, sikuinama kutazama bodi, na kosa hilo limenigharimu zaidi ya mara tatu ya bei niliyolinunulia.

MGB haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kusaidia, mzigo mkubwa huishia kwenye boksi mbili za bati zinazopita chini ya milango, moja kila upande. Hapo ndipo upepo wa bahari hujipenyeza na kula chuma kutoka ndani, huku nje rangi ikiendelea kung'aa. Gereji ya kwanza niliyoipelekea ilibandika bati jembamba juu ya kutu, ikapaka rangi, nami nikalipa kwa furaha.

Miaka mitatu baadaye nilimpelekea mzee mmoja, fundi bodi wa Ngamiani. Hakugusa kitu, aliweka jeki katikati ya gari, akalinyanyua kidogo, kisha akaniambia nifungue mlango. Mlango ulifunguka. Akaniambia niufunge, ukagoma, kwa sababu gari lilikuwa limepinda katikati na nafasi ya mlango imebana. Akachukua bisibisi, akaichoma chini ya kizingiti, yaani ile boksi ya chini ya mlango, ikazama hadi kwenye mpini. Kilichotoka kilikuwa puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, iliyokauka pamoja na bunda la nyuzi za katani ambazo mtu fulani, zamani, alizishindilia humo ili puti ipate pa kushika. "Mwanangu," alisema, "hapa pameshikwa na rangi tu."

Kazi ile ilichukua miezi minane, mingi ikiwa ya kusubiri mabati kutoka Uingereza, ambako tangu 1988 hata bodi nzima mpya hutengenezwa kwa kutumia vifaa vya kiwandani vya zamani. Bodi nzima sikuimudu. Mzee alichomelea kwanza vyuma vya pembe kukatiza nafasi za milango ili gari lisijikunje, akakata upande mmoja, akaumaliza kabisa, ndipo akahamia wa pili. Fundi atakayekwambia kwamba anaweza kukata pande zote mbili kwa pamoja bila vyuma hivyo, mshukuru na uondoke na gari lako.

Injini, kwa upande wake, inastahili sifa zote. Ni ya silinda nne, ujazo wa cc 1798, na fundi yeyote aliyewahi kurekebisha pointi na plagi anaielewa kwa asubuhi moja. Kabureta zake mbili za chapa ya SU ninazisawazisha mwenyewe kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nasikiliza mvumo wa hewa wa hii na wa ile mpaka ifanane. Tatizo ni spana. Nati zake ni za inchi, na spana ya 12 ya Toyota ikitiwa kwenye nati ya inchi 7/16 inacheza na kumenya kona zote; nunua seti yako na usimwazime mtu.

Petroli yenye risasi ilipoondoka kwenye vituo vyetu, niliwekewa siti ngumu za valvu za kutolea moshi, kwani zile za awali zilitegemea risasi hiyo zisilike. Vilevile nilikataa ushauri wa kutoa thamostati, kifaa kinachodhibiti maji ya kupozea injini kulingana na joto, dawa ya mafundi wetu kwa kila gari linalochemsha. Niliweka ya nyuzi 74, nikasafisha rejeta, na kupanda milima ya Amani kumekuwa si shida tena. Umeme wake unasemwa vibaya kuliko unavyostahili: karibu kila taa iliyonizimikia ilikuwa na kutu kwenye kiungo cha waya. Betri mbili za volti 6 zilizojificha nyuma ya viti nilizibadilisha kwa moja ya volti 12.

Matunzo ya sasa ni machache. Kila baada ya safari ya barabara ya Pangani naliosha chini kwa maji baridi, nazibua matundu ya kutolea maji milangoni, na mara moja kwa mwaka namimina oili ndani ya zile boksi. Kilichobaki ni turubai, ambalo linavuja juu ya kioo cha upande wa abiria licha ya kushonwa upya mara mbili, na mke wangu, ikifika masika, haingii garini bila khanga ya ziada ya kujifunika magotini.