Seti ya cheni na sproketi: miezi saba ya lami na mchanga, Mtama na njia za Kitangari

Mwaka jana nilibadilisha cheni peke yake, nikaacha sproketi zote mbili za zamani, yaani magurudumu ya meno ya mbele na ya nyuma yanayobeba cheni, na cheni ile mpya ya shilingi 15,000 haikumaliza miezi minne. Kwa hiyo tathmini hii ni ya seti kamili niliyonunua Masasi kwa shilingi 38,000 baada ya kosa hilo. Nimeitumia miezi saba, kilomita 6,400 kwa hesabu ya dashibodi, kwenye pikipiki ya sisi 125 ambayo siku nyingine hutembea lami ya Mtama na Nyangao, na siku nyingine huingia njia za mchanga za upande wa Kitangari nikienda kwenye mikorosho ya familia.

Cheni hiyo ya shilingi 15,000 ilianza kuruka meno Oktoba, wakati wa korosho, nikiwa na mjomba nyuma na gunia moja juu ya keria. Kila nilipoongeza mafuta kwenye kamlima kafupi, injini ilinguruma, pikipiki ikashtuka na kubaki pale pale. Mjomba alishuka bila kuambiwa, akashika gunia kwa mkono mmoja, nami nikasukuma hadi kwenye ardhi ngumu. Siku ya pili fundi wetu wa Mtama hakuigusa cheni kwanza. Alisema, "Kaka, kabla hujatoa pesa tena, tuvue kava tuione ya mbele," na kava lilipotoka nilielewa bila maelezo zaidi: meno ya sproketi ndogo yalikuwa yamelala upande mmoja na kuchongoka kama ndoana, na kati ya jino na jino palikuwa pamelika kiasi cha kuingia ncha ya kidole.

Sproketi yangu ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, maana yake ya mbele huzunguka mara tatu wakati ya nyuma inazunguka mara moja, na ndiyo sababu huisha mapema ingawa imefichwa na hakuna anayeikagua. Cheni nayo hurefuka si kwa sababu chuma kinavutika, bali kwa sababu pini zake na bushi, yaani vibomba vinavyozunguka pini, husagana. Ikiwa kila pingili imelika sehemu moja tu ya kumi ya milimita, cheni ya pingili 118 imeongezeka karibu milimita 12. Ukiivika cheni mpya, ambayo umbali wa pini hadi pini bado ni milimita 12.7, kwenye meno yaliyokwisha kuzoea cheni iliyorefuka, mzigo hauenei kwenye meno yote, na machache yanayoubeba huila cheni kwa haraka. Hayo nilipaswa kuyajua kabla ya kuona nimeokoa pesa.

Kwenda Masasi nilizibeba sproketi zote mbili za zamani ndani ya mfuko mtupu wa salfa, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu idadi ya meno haitoshi: matundu ya boliti ya sproketi ya nyuma na tundu la katikati hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, hata zikiwa na sisi sawa. Muuzaji alinisihi nichukue ya mbele yenye meno 15, akidai pikipiki itakimbia zaidi. Ni kweli itakimbia, lakini nguvu ya kuvuta ingepungua kwa takriban asilimia 7, na mtu anayepanda mlima na gunia hana haja ya mbio. Nilibaki na 14.

Silitaji jina la chapa, na sifichi kitu kwa kufanya hivyo. Dukani palikuwa na maboksi matatu ya jina moja, rangi moja, yote yameandikwa 428H, yaani cheni ya kipimo cha 428 yenye sahani nene zaidi. Nilipoomba yafunguliwe, cheni mbili zilikuwa na chapa ya 428H iliyogongwa kwenye sahani zenyewe, na ya tatu iligongwa 428 tupu. Muuzaji alikereka kidogo, lakini alikubali tuzipime kwenye mizani ya misumari ya duka la jirani, na ile ya tatu ilipungua karibu gramu 150 ingawa pingili zilikuwa sawa. Boksi, kwa maoni yangu, ni karatasi tu; soma chuma.

Cheni ilikuja na pingili 128 wakati pikipiki yangu inahitaji 118. Kukata si tatizo, ila idadi lazima ibaki shufwa, kwa kuwa pingili za ndani na za nje hupishana na ile ya kuungia ni ya nje, hivyo ncha zote mbili zinapaswa kuishia na pingili ya ndani. Fundi alisaga vichwa vya pini kwa jiwe la grainda kwanza, kisha akaitoa pini kwa nyundo na tindo. Nimewahi kuona mafundi wanaogonga tu bila kusaga, na sahani ya jirani ikapinda.

Jambo moja la utaratibu lililonifurahisha: boliti mbili za kibati kinachozuia sproketi ya mbele alizilegeza cheni ya zamani ikiwa bado imefungwa, mimi nikiwa nimekanyaga breki ya nyuma. Cheni ikishatoka, sproketi huzunguka bure na kumhangaisha fundi. Sproketi mpya ya nyuma haikukaa vizuri mara moja, kwani tundu moja lilikuwa na makali ya kiwandani, ikabidi ipigwe tupa. Kwa seti ya bei hiyo sikutegemea hilo.

Ilipofika klipu ya kiungo, yaani kibanio kinachofunga pingili ya kuungia, fundi aliisukuma kwa koleo ikaingia kwa mlio mdogo, lakini mdomo wake uliokatwa ukawa umeelekea mbele. Nilimwomba aigeuze, naye akacheka, "Umeniwahi, kaka." Upande uliofungwa ndio unaotangulia kwenye mwendo, ili jiwe au kijiti kikiigonga klipu kisiisukume nje. Hata hivyo klipu ya boksi ilikuwa laini mno, ikafunguka na kufungwa kwa kidole. Nilinunua nyingine kwa shilingi 1,000, na ya boksi naiweka chini ya kiti kwa dharura.

Kuhusu mkazo, vijana wengi wa bodaboda hapa huikaza cheni hadi iwe kama waya wa simu, wakiamini ndivyo inavyodumu. Abiria na mzigo wakikaa, uma wa nyuma hupanda na cheni huzidi kukaza, na kinachoumia ni beringi ya shafti ya gia, ambayo gharama yake haifanani na ya cheni. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka ilegee milimita 25 hadi 35 katikati ya upande wa chini, nami huiacha kwenye 30, nikipima mahali inapokaza zaidi. Hapo ndipo kasoro nyingine ya seti hii inapoonekana: ukizungusha gurudumu, kuna sehemu cheni inakaza kwa milimita 5 kuliko upande wa pili, dalili kwamba sproketi ya nyuma haikutobolewa katikati kabisa.

Mafuta ninayotumia ni oili ya gia namba 90, kidogo, kisha ninaifuta ya juu kwa kitambaa. Grisi niliiacha kwa sababu kwenye mchanga wetu hugeuka msasa, na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina vumbi la chuma ndani yake, ingawa ni ya bure na kila kijiwe kinaipenda.

Jumapili iliyopita niliivuta cheni ikanyooka, nikapima pingili 20. Zikiwa mpya ni milimita 254, na zikifika 259 ni wakati wa kutoa yote. Zangu zilisoma 255.5. Nimeikaza mara tatu tangu ifungwe. Rangi ya dhahabu iliyoipendezesha dukani iliisha mwezi wa kwanza, meno ya mbele bado yamesimama wima, na ile sehemu inayokaza haijaongezeka wala haijapungua.