Catch-22, toleo la miaka 50: nimelinunua kwa ajili ya kurasa za nyuma

Riwaya yenyewe, ya Joseph Heller kuhusu warushaji ndege wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, utaipata kwa bei nafuu katika matoleo ya kawaida. Nilicholipia mimi katika toleo hili la 2011 ni makala ya Jonathan R. Eller, inayoeleza kitabu kilivyoandikwa.

Jina la awali lilikuwa Catch-18, na ndilo Heller alilolitumia kuchapisha sura ya kwanza jaridani mwaka 1955. Kitabu kikiwa mbioni kutoka, 1961, ikagundulika kwamba Leon Uris naye anatoa Mila 18, riwaya ya geto la Warsaw, eneo walikofungiwa Wayahudi wakati wa vita; 18 hapo ni namba ya nyumba katika mtaa wa Mila. Uris alikuwa na jina kubwa tayari, Heller aliyekuwa mgeni akapisha. Ikatafutwa namba nyingine: 11 ikakwama kwa sababu ya filamu ya Ocean's 11 ya 1960. Heller akaleta 14, mhariri wake Robert Gottlieb akaona haichekeshi, ndipo akaja na 22. Wakala wa Heller, Candida Donadio, alidai namba hiyo ilitokana na siku yake ya kuzaliwa, Oktoba 22. Gottlieb alikana katakata.

22 imekaa vizuri kuliko 18, kwani humo ndani mambo hujirudia: yupo hata askari hospitalini anayeona kila kitu mara mbili. Kwa Kiswahili mzaha huo ni wa macho tu. Ukitamka "ishirini na mbili", pacha hawasikiki.

"Catch" nayo usiisome kama "kukamata". Ni kile kipengele kilichojificha kwenye mkataba, unakigundua umeshasaini. Sura ya 5 inakionyesha: mwendawazimu haruhusiwi kurushwa kwa ndege vitani, ila lazima aombe mwenyewe, na akishaomba kwa kuogopa kufa, basi ana akili timamu, arushwe. Wengi hudhani ndipo kinapotajwa mara ya kwanza. Hapana, kimo sura ya 1, na huko kinamtaka afisa anayekagua barua aandike jina lake. Sura ya 39 bibi kizee wa Roma anakielewa vingine kabisa: wenye nguvu wana haki ya kufanya lolote usiloweza kuwazuia. Namba moja, kanuni tatu, na kipengele cha 21 hukioni popote.

Kasoro ya toleo: makala hayo yamewekwa baada ya sura zote 42. Soma mpaka ya 5, ruka kwa Eller, kisha urudi. Insha za wahakiki ziache mpaka umalize.