TAHADHARI: Kuna tapeli Kigoma anawauzia bodaboda "kitambulisho cha mpakani"

Wakuu, naandika hii nikiwa na hasira, mnisamehe lugha ikiteleza. Kuna jamaa hapa Kigoma mjini, anashinda kwenye vibanda vya steshenari upande wa Mwanga, anawauzia waendesha pikipiki kadi anayoiita "Kitambulisho cha Msafiri wa Afrika Mashariki". Anakwambia ukiwa nayo unavuka Manyovu kuingia Burundi na pikipiki yako, pasipoti ya nini. Ni uongo mtupu. Kadi hiyo haipo duniani. Amekula hela yangu na hela ya mama mdogo, na ametudhalilisha mpakani mbele za watu.

Tulikuwa na msiba Makamba, kule Burundi, wengi mnaujua, sirudii. Na ndiyo maana nilikuwa na haraka, tuwahi kuzika.

Nilifika pale kutoa kopi ya kadi ya pikipiki. Akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, unavuka?" Nikamwambia navuka. Akaniamkia kwa Kiha, akaniuliza kwetu wapi, nikamtajia Kalinzi, akataja mpaka majina ya wazee wa kule. Akanivutia kiti. Akatoa simu akanionyesha habari kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tangu 2014 wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu. Na hilo ni kweli, mtu yeyote anaweza kulisoma. Ndipo akachomekea uongo wake: eti sasa Tanzania na Burundi nazo zimeingia, ila wameanza na waendesha pikipiki, kwa sababu ndio wanaovuka kila siku. "Pasipoti laki na nusu, na utaisubiri. Hii elfu sabini, kesho unayo."

Hapo mtasema ningeshtuka. Ningeshtukia nini? Alikuwa na daftari kubwa limejaa majina na namba za pikipiki za watu. Alikuwa na muhuri. Alinipiga picha kwenye kitambaa cha bluu, akanipaka wino kwenye dole gumba nikabonyeza fomu yenye ngao ya taifa. Wateja wengine wawili walikuwa wanasubiri kadi zao na mmoja akanambia yeye keshavuka nayo, haina shida. Leo nina hakika yule alikuwa mwenzake. Nikamlipia na mama mdogo papo hapo, maana alikuwa anapanda nyuma yangu. Kadi zikatoka kesho yake, ngumu, zinang'aa, bado zina joto la mashine.

Tukatoka Mwandiga alfajiri, lami yote ile mpaka Manyovu, mama mdogo amefunga dumu lake la mawese nyuma. Kwenye dirisha la Uhamiaji nikatoa kadi zote mbili kwa kujiamini kabisa. Afisa akaigeuza. Akaigeuza tena. Akamwita mwenzake. Akaniuliza, kwa upole kwa kweli, "Hii umepewa na nani?" Foleni nyuma yetu imejaa akina mama wa ndizi na viazi, wote kimya wanatusikiliza. Mama mdogo, mtu mzima yule, akaanza kuulizwa kama anajua kwamba kutumia hati ya kughushi ni kosa. Alinitazama mimi. Sikuwa na jibu la kumpa. Kadi wakazichukua, wakaandika maelezo yetu, wakaturudisha. Makamba walizika bila sisi.

Yule afisa alinieleza na mimi nawaeleza. Mtanzania anavuka kwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na zote mbili zinatolewa na Uhamiaji peke yake. Mpango wa vitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi na Burundi hatumo. Kuwa Afrika Mashariki kunakuondolea viza tu, hati ya kusafiria bado unaihitaji. Hakuna hati ya bodaboda. Pikipiki ina karatasi zake mbali: kadi halisi ya usajili, barua ya mwenye chombo kama si chako, kibali cha forodha, na bima ya COMESA, yaani bima ya chombo kinachovuka kwenda nchi nyingine, ile kadi ya njano. Wengi wanaichanganya na ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo ni ya njano. Na huyu tapeli anaitumia hiyohiyo kuchanganya watu, anasema "kadi ya njano imo humuhumu".

Dalili: hela inaingia kwenye namba yake ya simu, hakuna kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali inayoanzia 99. Alama za vidole anachukua kibandani. "AFRICA" imeandikwa kwa C katikati ya maneno ya Kiswahili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anabaki na kopi ya kitambulisho chako cha taifa, cha NIDA. Ukishampa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Namba yake nimeshaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia habari ya kurudishiwa nusu wala kuitwa tuyamalize kwa wazee, alishatuma mtu wa kuniambia hivyo. Anauza karatasi ambayo wewe ndiye utashikwa nayo, tena nchi ya watu, na mama yako yuko nyuma. Sheria ya pasipoti na hati za kusafiria ya 2002 ipo, imshukie yeye na yule aliyejifanya mteja. Na mwenye kibanda naye aeleze alikuwa anapangisha nini.

Jumatatu asubuhi naenda polisi na meseji ya muamala. Kama jina lako limo kwenye lile daftari, njoo na meseji yako, usiogope kwamba wewe ndiye utawekwa ndani. Watu wa Gungu, Ujiji na Kibirizi nitafuteni inbox, tuingie pamoja. Na kama bado una ile kadi, usiitupe na usiende nayo mpakani, ilete.