Amitriptilini au fluoksetini: ipi haichezei kumbukumbu?

Dereva wa boda jijini Kampala akiandikiwa dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, swali lake la kwanza ni hili: kesho nitaweza kuendesha? Inategemea amepewa kidonge gani.

Amitriptilini ni ya zamani. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 1961. Huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuhifadhi kumbukumbu na kukaza umakini. Ukimeza usiku, unaweza kuamka mdomo umekauka na kichwa kizito. Abiria anasema Ntinda, wewe unakata kona ya Nakawa. Kwa wazee hali ni mbaya zaidi: bibi anaweza kuchanganyikiwa, na nyumbani wakasema ni uzee tu. Bibi yangu nisingemkubalia bila daktari kunieleza sababu. Ila kwa kijana aliyekesha wiki nzima, kule kusinzia kunakoletwa na dawa hii kunaweza kuwa nafuu.

Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, haiigusi sana asetilikolini, na kwa kawaida humezwa asubuhi. Kasoro zake ni nyingine: wasiwasi siku za mwanzo, usingizi wa mang'amung'amu, na wengine huhisi moyo umekuwa butu, si furaha si huzuni. Kwa dereva, mimi ningeanza na hii.

Tatizo ni kwamba sonona yenyewe hula kumbukumbu. Mara nyingi umakini hurudi dawa inapokolea, baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo akisahau jambo asikimbilie kuacha dawa ghafla. Arudi kliniki aeleze alianza kusahau lini, kabla ya kidonge au baada.