Tofali la Yoga Linalobonyea: Nimelijaribu Barazani Kirumba

Mwangaluka, wadau! Leo narekodia barazani hapa Kirumba, Mwanza. Mkisikia honi za daladala mnisamehe, umeme umekatika na ndani hakukaliki kwa joto.

Seti yenyewe ya yoga hii: matofali mawili ya sponji, mkanda mmoja, mto mrefu mmoja. Nimetoa 65,000. Vipimo sisomi, viko kwenye boksi. Mkanda una pete mbili za chuma, nimeuvuta kwa nguvu zote haukuachia, kwa hiyo mkanda umepita. Ingawa ukitaka kunyoosha mguu umelala chali, kanga unaipitisha kwenye unyayo, unashika ncha mbili, kazi ni ileile. Na kanga unayo.

Mimi nina ugomvi na tofali.

Tazameni. Nasimama, miguu nimeitanua, mguu wa kulia unaangalia pembeni. Mkao huu wanauita trikonasana, yaani pembetatu. Nainama kulia, mkono unatafuta chini. Mnaona yanayonikuta? Ili vidole vifike, kifua kimegeukia sementi, makalio yamekimbilia nyuma, goti nimelikaza mpaka linataka kupinda kinyume. Chini nimefika, ndiyo, ila mgongo ndio uliolipa nauli.

Narudia. Tofali nimelisimamisha wima, nje ya mguu. Mkono juu yake. Haya! Kifua kimefunguka, naliona ziwa, shingo haina shida. Sakafu imepanda kunifuata, badala ya mimi kuishukia. Tofali lina vimo vitatu, wima, ubavu na kulala, kwa hiyo unaanza na kirefu, mwili ukilegea unashuka taratibu.

Sasa naegemea. Ngoja niisogeze kamera… umeona hapo? Linabonyea, halafu linapinda kama muwa. Mara ya pili hii. Hilohilo! Nina kilo 82, wadau. Mwenye kilo 50 huenda asione tatizo, lakini kitu cha kukushikilia usianguke kikianza kucheza, afadhali ukose kabisa ujue moja.

Tuhamie chini. Nalala chali, magoti juu, nainua kiuno, nachomeka tofali chini ya ule mfupa bapa ulio juu tu ya makalio. Sikia vizuri: siyo kwenye bonde la kiuno. Pale kwenye bonde hakuna mfupa mpana wa kubeba, utauonea uti wa mgongo. Nikilisimamisha wima… hapana, linayumba, sithubutu. Nalilaza. Aaah. Jamani. Hapa, kusema ukweli, ule ulaini niliokuwa nautukana ndio mtamu. Nakaa hivi dakika tatu baada ya kuhariri video siku nzima, kiuno kinarudi mahali pake.

Kuna mwenzetu wa chaneli nyingine anasema vifaa hivi ni vya wavivu, yogi wa kweli hahitaji. Kaka, mzee B.K.S. Iyengar wa Pune, India, ndiye aliyeyapa matofali, mikanda na viti umaarufu kwenye yoga, na alifundisha mpaka uzeeni. Alizaliwa 1918, utotoni akaandamwa na malaria, taifodi na kifua kikuu. Mtu aliyeujua mwili mgonjwa alijua pia kwamba mwili mgumu unahitaji kuinuliwa kidogo. Alifariki 2014. Mvivu huyo?

Basi nikalipeleka tofali kwa fundi seremala Mabatini, nikamwambia nitolee kama hili la mti. Huyu hapa, mninga, kona zimepigwa msasa, 12,000. Naegemea… kimya. Halitikisiki! Kwa pembetatu nalitumia hili tu. Kulilalia lakini, nilijaribu juzi, nikaamka kama nimelala kwenye mawe ya Capri Point. Kwa hiyo la sponji silitupi. Nilisema nimelikasirikia, bado nimelikasirikia, ila nusu.

Mto mrefu ni mzuri, ghali tu. Kunja blanketi mbili, zifunge kwa kanga, umemaliza. Weka chini ya makalio, miguu juu ukutani, kama umesimama kutwa sokoni utanikumbuka. Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho amuulize daktari kwanza. Na maumivu yakishuka mguuni na ganzi juu, acha, nenda hospitali, tofali halitibu hilo.

Chaneli imebakiza watu 60 tufike 4,000, kwa hiyo kengele hiyo. Blenda niliyowaahidi inakuja Ijumaa, umeme ukiridhia. Na wanaouliza kama 65,000 ni halali: nunua matofali peke yake kama wanakuuzia rejareja. Mimi walikataa.

Halafu kichekesho. Jirani yangu mvuvi alipita jana akaliona hili la sponji, akaniuliza, "Mdogo wangu, boya zuri hivi umelitoa wapi?" Nikamweleza ni la mazoezi. Akajaribu, analalamika kiuno kwa kuvuta nyavu, nikamlaza hapo juu yake mpaka akasinzia. Alipoamka akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, akaondoka zake.

Sasa matofali yalikuwa mawili. Moja hili nimelishika, na… la pili nililiweka hapo kwenye ngazi. Kaka? Kaka! Jamani, yule pale anaelekea nalo mwaloni, huko kwa wavuvi. Zima kamera. Kaka, usilitoboe!