Semina ya uongozi kwa hadithi, Capri Point: nimeikubali, ila mwandishi Kitereza apewe muda wake

Nyie mnaosimamia watu hapa Mwanza na ofisi inataka mchague semina ya uongozi, hii ya kusoma hadithi kule Capri Point mimi naiunga mkono kabisa. Mnapewa kurasa chache, mnasoma kwa sauti, halafu mwezeshaji anauliza swali na kunyamaza, na aisee anajua kunyamaza, hakimbilii kuwajibia.

Asubuhi yote tulikuwa na tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, pale Caesar, mtawala wa Roma, ameshauawa, halafu Brutus, mmoja wa waliomuua, anawaeleza wananchi kwa nini. Anaongea kwa hoja, watu wanamshangilia, kisha anamruhusu Antony, rafiki wa Caesar, naye aseme, yeye huyo anaondoka zake. Antony akabaki na umati, mara joho la Caesar lenye damu, mara wosia wake, muda si mrefu watu wanakimbilia kuchoma nyumba. Tulibishana sana, wengi wakimlaumu Antony, mpaka dada mmoja supavaiza wa kiwanda cha minofu ya sangara akasema jamani Brutus hotuba yake haina shida, shida ni kuondoka. Kwao samaki wakipungua shifti zinakatwa, bosi anatangaza haraka haraka anapanda gari, huku nyuma watu wanaelezwa na yeyote mwenye mdomo. Hapo ndo mazungumzo yakafunguka maana kila mtu ana Brutus wake kazini.

Na hapo ndo nilipoiona nguvu ya hii njia. Ungemwambia taja makosa ya meneja wako, angesema nini na meneja mwenyewe kakaa meza ya pili? Ila Brutus hawezi kukufukuza kazi, unamchambua unavyotaka na meneja anasikia, tena naye anachangia.

Kilichoniuma ni mchana. Baada ya msosi (sato wa kukaanga, safi sana) wakawasha projekta, Aniceti Kitereza akapitishwa juu juu kwenye slaidi mbili tatu basi. Yaani mzee wa Ukerewe, ng'ambo tu hapo, kaandika kitabu cha Myombekere na mkewe Bugonoka kwa Kikerewe akamaliza 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kikaja kutoka 1980, leo tunampa dakika chache! Wakati humo Bugonoka anarudishwa kwao na wazazi wake sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwa kukosa mtoto, na Myombekere inabidi aende mwenyewe ukweni, ajishushe, atozwe pombe ndo apewe mke wake. Meneja aliyepoteza mfanyakazi mzuri kwa sababu wenzake walimdharau na yeye akakaa kimya, angejifunza mengi sana pale kuliko kwenye slaidi. Nimewaambia, wamesema wataangalia.

Bei kwa wa kujilipia mwenyewe itauma, bora ofisi ilipe. Ombeni zile kurasa mapema, Kiswahili cha Mwalimu kinataka ukisome kwanza nyumbani, kuna waliobabaika mbele za watu. Na msiende mabosi peke yenu, kila bosi aende na mmoja anayemsimamia.