Nyari ya Marafa: usiende saa sita

Nimezaliwa Malindi, nimesoma Malindi, na hadi mwaka jana sikuwa nimekanyaga Marafa, kwenye lile bonde la kuta za rangi. Aibu, najua. Kila msimu naona magari ya watalii yakivuka daraja la mto Sabaki kwenda kutazama bonde hilo, mimi naishia Mambrui harusini. Wazungu wamelibandika jina la Hell's Kitchen, jiko la jehanamu, na mamangu hataki jina hilo litajwe akiwa ndani ya gari. Wenyewe Wagiriama wanaita Nyari.

Mara ya kwanza tulienda na wakala mmoja wa mjini. Jina namsitiri. Shilingi 3,000 kila kichwa, kasema usafiri, kiingilio na chakula vyote vimo. Tulikuwa mamangu, shangazi, wanangu wawili na mimi. Gari la saa mbili asubuhi lilifika saa nne na nusu, na ndani mna abiria wengine wamekwisha kamata viti vya mbele. "Mama, msijali, ni hapa tu," dereva akasema. Na kweli ni hapa tu. Ukishavuka Sabaki unaiacha barabara kuu ya Garsen, unakata kushoto kuelekea bara, na safari yote haifiki kilomita 40.

Basi tukashuka Marafa jua la utosi. Jamani! Kule chini hakuna kivuli, na zile kuta nyeupe zinakurudishia jua usoni kama bati jipya. Mchanga ulimchoma mwanangu mdogo hadi ndani ya makubadhi, nikambeba kupanda juu. Mamangu hakuthubutu kushuka, alikaa chini ya mti langoni na leso yake kichwani. Tena hapo langoni tukaambiwa kiingilio hakijalipwa. Dereva akawa anaongea na simu yake, tukatoa pesa mfukoni. Chakula kilikuwa chapati mbili mbili na soda iliyopata moto. Nilirudi nyumbani nikasema Marafa sirudi.

Nilirudi baada ya mwezi, kwa shingo upande, kwa sababu binamu yangu alipata gari la kuazima. Tukatoka Malindi saa tisa alasiri, tukalipa wenyewe langoni (mwananchi hatozwi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho), na tukampata kijana wa hapo hapo kijijini atuongoze. Huyo ndiye ninayempa sifa zote.

Alituambia Nyari ni pahali palipovunjika penyewe. Zamani, akasema, waliishi hapo matajiri wenye ng'ombe wengi hadi wakawa wanaoga maziwa. Mungu akachukizwa, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni yale maziwa, wekundu ni damu yao. Mamangu, ambaye safari hii alikuwa ameshuka taratibu akishikwa mkono, akasimama. "Kuoga maziwa, na jirani hana ya kutilia chai?" Akatikisa kichwa kama anayewajua watu hao kwa majina.

Kisha yule kijana akamega kibonge ukutani, akakisugua kiganjani. Kikawa unga mwekundu, laini kama wa binzari. Akasema mvua ndiyo fundi wa hapa. Jiwe lenyewe ni mchanga ulioshikana tu, maji yanapasua mfereji, upepo unapukuta, na ile sehemu ngumu inabaki imesimama nguzo, nyingine ndefu kama mnazi mzima. Kazi haijesha. Kuna kijia alichokuwa akipita utotoni kwenda kuchunga mbuzi, akatuonyesha kilikokuwa: kilikuwa hewani. Tangu hapo nikawa nawashika watoto mashati kila tukikaribia ukingo, maana sehemu nyingi hakuna cha kukuzuia.

Ilipofika saa kumi na mbili, rangi zikaanza. Sijui niseme vipi. Nyeupe ikawa ya waridi, ile ya machungwa ikakolea, na nyekundu ya chini ikawa kama makaa yaliyopepewa. Saa sita mchana nilikuwa nimeona kuta hizo hizo na sikuona kitu, zilikuwa zimepauka. Watoto walinyamaza bila kuambiwa, jambo ambalo nyumbani sijalipata bado.

Chukueni maji ya kutosha, zaidi ya mnavyodhani, na viatu vya kufunga, kwani ile njia ya kushuka ina changarawe zinazoteleza. Mkirudi usiku endesheni polepole, ng'ombe na mbuzi hulala barabarani. Na kijana wa kuwaongoza mlipeni vizuri, msimkate.

Yule wakala juzi kanitumia ujumbe. Ana ofa ya Marafa, kuondoka saa mbili asubuhi.